Mikrovolti Mbili

Voltimita ilitoka kiwandani kabla sijazaliwa.
Kilo ishirini na mbili. Niliipandisha ngazi peke yangu,
Vardges akinihesabia vidato kwa sauti,
maana mgongo wake, alisema, ulistaafu kabla yake.

Usoni ina taa za namba, rangi ya chungwa lililoiva;
zinacheza, zinasitasita, zinatulia.
Nyuma ina soketi ya pini hamsini
ambayo hakuna aliyewahi kuichomeka kitu.

Kazi ya Vardges ilikuwa kuamka.
Miaka thelathini na mmoja, kila saa,
theluji ya Gyumri ikikwaruza dirisha,
anawasha taa ya mezani, anainama,
anasoma volti ya betri ya rejea iliyofungiwa sandukuni,
anaandika kwa penseli. Tarakimu saba. Saini.
Madaftari yamejaza kabati mbili, na la tatu halifungi.

Mimi nililetwa nimpumzishe.
"Haykanush," mkurugenzi aliniambia,
"ifundishe ile mashine kuongea na kompyuta."
Sikumsahihisha. Mashine iliongea siku zote;
kilichokosekana ni masikio.

Kila tarakimu ina nyuzi nne:
wa moja, wa mbili, wa nne, wa nane.
Jumlisha zile zenye umeme, umepata namba.
Saba ni moja na mbili na nne.
Tisa ni nane na moja.
Nyuzi ishirini na nane, risasi ya kuchomelea, moshi machoni,
na mchoro mkongwe uliokunjwa hata mikunjo ikatoboka:
pini ya kumi na tisa ilikuwa tundu tu.

Jioni ya tatu kompyuta ikasoma.
Kwenye taa: 1.018648.
Kwenye skrini: 1.010648.
Nikaanza kupekua programu, mstari kwa mstari.
Vardges hakuitazama hata skrini. "Nane yako moja imekufa," akasema.
Akachukua njiti ya kiberiti, akaugandamiza uzi mmoja,
na nane ikarudi mahali pake
kama mtu aliyetoka nje kidogo kuvuta sigara.

Wiki nzima kompyuta ilikesha, sisi tukalala.
Nikachora mstari wake, nikauweka chini ya mstari wa madaftari.
Haikukutana.
Mikrovolti mbili. Usiku wote, kila usiku, wa kwake juu, wangu chini.
Nikabadilisha kebo. Mbili.
Nikafunga upya waya wa ardhi. Mbili.
Nikazima hata jiko la umeme la mlinzi, akanuna. Mbili.
Sasa likabaki swali nisilotaka kuliuliza:
je, mzee alikuwa akiandika akiwa kitandani?
Mvuliwa nguo huchutama,
na mimi sikutaka kumwona Vardges amechutama.

Saa tisa usiku wa Jumatano nilikuwa chumba cha pili, mbele ya skrini.
Nikasikia mlango, soksi sakafuni, swichi ya taa ya mezani.
Mazoea yalikuwa yamemwamsha.
Na mstari ukaanza kupanda:
sita mwishoni, saba,
nane.

"Vardges! Rudi nyuma!"
Akarudi nyuma, ameshika penseli kama mwizi.
Saba. Sita, baada ya muda mrefu.
"Sogea tena. Inama kama unavyoinama."
Ukapanda.

Vichwa vya shaba pale mbele, vinavyoshika waya,
vilikuwa vikipata joto la taa yake, la paji lake, la pumzi yake.
Hakudanganya hata mara moja.
Aliandika alichokiona,
na alichokiona kilikuwa betri na yeye, vimejumlishwa.

Kwenye ripoti niliandika:
*Vipimo vyote vya daftari vipunguzwe mikrovolti mbili.
Chanzo: mwendeshaji.*
Akaisoma mara mbili, miwani puani.
Hakubisha. Aliuliza tu
kama kompyuta inaweza kukitunza kile kilima kidogo cha Jumatano.

Nimekitunza. Faili lina jina lake.
Kilobaiti nne.